Barua Zangu Kwangu Mimi, Yahusu Mtaro

Jumapili, 8 Juni
Semina ya Mafundisho Jamii ya Kanisa, ukumbi wa parokia. Muda wa saa tatu, benchi bila egemeo. Paroko alifundisha mshikamano, manufaa ya wote, na neno jipya kwangu: auni. Maana yake, jambo linaloweza kufanywa na ngazi ya chini lisinyang'anywe na ngazi ya juu. Nililipigia mstari mara mbili. Sikujua kwamba tabia yangu ya kutomsumbua Mkuu kazini ina jina la Kikanisa.

Kisha ikaundwa Kamati ya Haki na Amani. Nikachaguliwa katibu kwa kosa la kuonekana na kalamu. Kazi ya kwanza ni mtaro ulio wazi mbele ya zahanati. Ubao wa kuvukia umeoza, na shangazi yangu, ambaye naishi kwake, huvuka hapo kila Ijumaa kwa magongo akabadilishiwe bandeji ya mguu. Mwenyekiti, fundi cherehani wa jirani, akasema niwaandikie manispaa kwa ukali. Nikakubali kwa sauti kubwa, watu wakapiga makofi.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba barua zote za manispaa hupokelewa na karani wa masjala. Karani wa masjala ni mimi.

Jumatatu, 9 Juni
Barua yangu imefika. Niliipokea mwenyewe na kuigonga muhuri. Imeandikwa vizuri mno. Aya ya pili inasema uzembe wa ofisi hii hauvumiliki. Ofisi hii! Mkuu wa Idara ya Ujenzi yuko mlango wa pili, na swali lake la kwanza kwa kila barua ni nani kaandika. Saini yangu iko pale chini, imejinyoosha kama mtu asiye na wasiwasi.

Nikakumbuka auni. Kujibu barua ni jambo linalowezekana ngazi ya chini. Nikajibu kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi. Jibu nimelipeleka parokiani mwenyewe, kwa miguu, kama ishara ya utumishi.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma jibu mbele ya kamati. Mwenyekiti akauliza inafanyiwa kazi gani, na nani. Nikasema serikali ina taratibu zake. Akaniambia, "Kijana, mimi nikimwambia mteja gauni lake linafanyiwa kazi, ujue bado liko kwenye mfuko." Wote wakacheka. Nami nilicheka, ila nilichelewa kidogo.

Ikaazimiwa barua ya pili, kali zaidi. Katibu aandike.

Nyumbani shangazi aliuliza ni nani huko ofisini anayekwamisha mambo. Nikamwambia ni mtu mdogo tu, hana madaraka. Akasema mtu wa namna hiyo anafaa kuchapwa, kisha aombewe, kwa utaratibu huohuo.

Jumatano, 11 Juni
Barua ya pili imefika. Sikuipenda. Mwandishi wake hana adabu. Nimemjibu kwamba jalada la awali halionekani, alete nakala. Jalada lilikuwa chini ya bakuli langu la chakula. Nilikula uani, nyuma ya ofisi, kama kawaida, juu ya lile bamba la zege ninalokalia kila siku, nikitafakari ugumu wa kuwatumikia wananchi wasio na subira.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Mwenyekiti amesema barua zimetosha. Kesho saa nne anakuja ofisini na jumuiya yake yote ya kanisani, wamwone mhusika uso kwa uso. Mhusika alikuwa ameketi mbele yake akiandika kumbukumbu za kikao.

Nimepata njia. Nimewaelekeza chumba namba nane. Namba nane ni stoo ya mafaili ya zamani, humo haingii mtu. Watagonga, watachoka, watarudi. Hakuna atakayeumia.

Ijumaa, 13 Juni
Namba nane alikuwamo Mkuu. Kumbe hujificha humo kila Ijumaa, wananchi wanapokuja na malalamiko. Wamemkuta amevua viatu.

Na shangazi alikuwa nao. Ubao ulikuwa umekatika chini yake asubuhi ile. Gongo moja limezama mtaroni, na akina mama wawili walimbeba hadi ofisini kwangu badala ya zahanati. Bandeji ilikuwa imelowa tope. Nilishindwa kuiangalia.

Mkuu aliapa hajaona barua yoyote. Nikaitwa nilete daftari la masjala. Barua mbili na nakala za majibu mawili zikapangwa mezani. Shangazi akavaa miwani, akazipitia zote nne, akasema taratibu, "Hiyo K yenye mkia naijua. Nimeilea mimi."

Nilieleza auni. Nilieleza vizuri, pamoja na mistari miwili chini yake. Mwenyekiti akasema auni ni ngazi ya chini kulifanya jambo, siyo kulikalia. Mkuu, ambaye haonekani katika kanisa lolote, alilipenda sana neno lile. Akasema basi ngazi ya chini ndiyo ibebe: mabamba ya kufunika mtaro yako uani tangu mwaka jana, yanasubiri mtu ayaombe.

Yako uani. Ninakula juu ya mojawapo.

Jumamosi, 14 Juni
Tumebeba mabamba sita, mimi na jumuiya. Mgongo haunyooki. Shangazi amevuka wa kwanza kwa gongo moja na bega langu. Katikati alisimama, akaligonga bamba mara tatu. Tukaendelea hadi ng'ambo. Halafu akasema nimekuwa mzito wa kuegemewa, ila nitazoea.

Jumapili, 15 Juni
Paroko ametupongeza kanisani. Niliomba kujiuzulu ukatibu. Kamati ikakataa kwa kauli moja. Mwenyekiti akasema sasa angalau wanajua barua hukwama wapi. Kazi mpya ni vyoo vya soko. Nimeagizwa kuandika kesho.

Barua sijaianza. Jibu lake nimeshalimaliza, lisije likachelewa. Nimeliandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ya ile K.