Hewa ya Tangi

Jamani, nimeadhirika. Leo hii, saa nne asubuhi, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Nawaambia mwenyewe kabla Mama Upendo hajawafikia, maana yeye ataongeza chumvi (na kisa hiki kina chumvi ya kutosha).

Kwa msionifahamu vizuri: mimi ni mwalimu wa fizikia. Naishi Mjimwema, hapa Njombe, na huu ni mwaka wangu wa kumi na sita kazini. Nakazia hilo neno fizikia. Mtaona kwa nini.

Naishi na baba tangu mwaka jana, alipopata kiharusi. Maisha yake yote alikuwa nahodha wa boti ya abiria kule Manda, Ziwa Nyasa. Kiharusi kilimwachia miguu, ingawa mmoja anauburuta na mkono wa upande huo umedhoofika, lakini kikamnyang'anya maneno. Anayo kichwani, unaona kabisa anayo, ila yanatoka mojamoja kama mahindi kwenye gunia lenye tundu dogo.

Alipohamia kwangu alikuja na begi la nguo, rozari, na injini ya boti. Ndiyo, injini ya boti! Njombe! Huku kwetu maji makubwa ni mto Ruhuji, na huko boti haipiti hata uibebe kichwani. Ni ile ya kufungwa nyuma ya boti, kuukuu, rangi imebanduka, kifuniko kimekazwa kwa mpira wa baiskeli. Jirani alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, hiyo feni umeitoa wapi?"

Sasa, binamu yetu wa Manda anaihitaji, mradi iwe inawaka. Mdogo wangu Gaudensi, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Makambako, ndiye angeifikisha. Wiki iliyopita akanipigia.

"Dada, Jumamosi nakuja na pikapu. Ikiwaka, nampelekea binamu. Isipowaka, naipeleka kwa wa chuma chakavu. Imetosha kukaa hapo inafuga buibui."

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba alikuwa mezani anakunywa uji. Akaweka kijiko chini, akalitazama bakuli muda mrefu. Uji ukapoa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Baba, usihangaike. Itawaka. Mwanao ana digrii ya fizikia."

(Mdomo huu!)

Basi Jumamosi ndiyo leo. Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya paa, nikaifunga injini kwenye ubao mnene, mguu wake wenye pangaboi nikautumbukiza ndani ya pipa la maji, kwa sababu injini hizi hupozwa kwa maji. Tangi la petroli nikaliweka chini, nyuma ya pipa. Baba nikamtolea kiti, blanketi, skafu na kofia ya sufu. Akakaa kama mgeni rasmi.

Kazi nilikuwa nimeianza tangu jana. Kabureta nimeifungua na kuisafisha kwa mswaki (wangu). Plagi mpya, Gaudensi alizituma kwa basi. Nikajaribu cheche: bluu, safi kabisa. Mafuta mapya, nimechanganya na oili kwa kipimo. Kwenye mpira wa mafuta kuna kitu kama yai la mpira, unalibinya ili mafuta yapande. Nikalibinya. Nikavuta kamba ya kuwashia.

Kimya.

Nikavuta tena na tena. Mara ya sita injini ikakohoa. Trrrrr! Moshi! Baba akanyanyuka nusu. Nami nikanyoosha mikono juu kama nimefunga goli.

Puu. Ikazima.

Nikavuta tena, ikawaka sekunde chache, ikazima. Nikatazama lile yai la mpira: limenywea, limebaki bapa kama chungwa lililonyonywa. Nikabinya, halijai. Nikatoa hukumu kwa sauti ya kitaalamu: "Baba, huu mpira ni mbovu."

(Mpira ulikuwa mzima. Mbovu alikuwa mtu mwingine.)

Hapo ndipo baba aliposema, "Hewa."

Nikageuka. "Unasemaje, baba?"

"Hewa." Ameshika mikono ya kiti, ananitumbulia macho.

Nikaacha kila kitu. Nikamvua skafu, nikamfungua vifungo vya shati viwili, nikamwondolea blanketi. Asubuhi ya Njombe mnaijua. Akaanza kutetemeka. Nami nikaona, eti, dalili zinaongezeka!

"Hewa!" Akanyoosha mkono kuelekea kwenye pipa. Nikaudaka ule mkono. Wa baridi kama bomba la maji.

"Mama Upendo! Mama Upendo, njoo!"

Mama Upendo ni jirani yangu, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri, na kila ugonjwa duniani ana ndugu aliyewahi kuuugua. Akaja mbio na kanga mkononi.

"Kamwene, Mwalimu, kuna nini?" akanisalimu kwa kilugha.

Kabla sijajibu, baba akakusanya nguvu zake zote. "Hewa," akasema. Akameza mate. "Tangi."

Mama Upendo akajishika kifua. "Yesu wangu! Anaomba oksijeni! Baba mkwe wangu alipolazwa walimwekea hivyohivyo, tangi la hewa pembeni ya kitanda! Mwalimu, mzee anajua hali yake. Twende!"

Tukaita bajaji. Jamani, baba alikataa kuingia. Alishika ukingo wa pipa kwa ule mkono wake mzima, tukawa tunambandua kidole kimojakimoja. "Wenye shida ya moyo huwa wabishi," Mama Upendo akanieleza, huku anavuta. Njia nzima alikuwa akiimba pambio, baba yuko katikati yetu, ananitazama mimi, kisha anamtazama yeye, kisha anafumba macho. Nikajua ndiyo basi. Nikaanza kulia. Dereva naye akaingiwa na huruma, akapita mashimo bila kupunguza mwendo.

Zahanati imejaa. Nikaingia napiga kelele, "Naombeni oksijeni! Baba yangu hapumui!" Watu wakapisha, mama mmoja akatoa hata benchi lake. Baba, ambaye hapumui, akamshukuru kwa kumwinamishia kichwa.

Daktari akatoka. Nilipomwona nikashusha pumzi: Isaya! Nilimfundisha Isaya fizikia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mzee." Hapohapo kwenye benchi akambana baba kile kidude cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Akasoma. Akapima presha. Akasikiliza kifua, mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi, ninayehema, nina oili mpaka masikioni.

"Mwalimu, mzee hewa anayo ya kutosha. Labda nikupime wewe."

"Lakini ameiomba mwenyewe! Msikilize!"

Baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Hewa. Tangi."

Isaya akachuchumaa mbele yake. Hakuharakisha. "Mzee, hewa ni ya kwako wewe?"

Baba akatikisa kichwa. Hapana.

"Ni ya nini?"

Baba akanyanyua mkono wake mzima, akakamata kitu kisichoonekana, akakivuta kwa nguvu hadi kifuani. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Degedege!" akapiga kelele Mama Upendo.

"Mama, tafadhali," Isaya akasema.

Baba akafanya, "Trrrr... trrrr... puu." Kisha akaweka vidole viwili pamoja, akavizungusha taratibu, kama mtu anayelegeza kitu kidogo.

Isaya akageuka kwangu. "Mwalimu, alipoanza kusema hivi mlikuwa mnafanya nini?"

"Nilikuwa... nawasha injini ya boti."

Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akauliza, "Boti? Ya Mjimwema?"

"Ninazijua hizo," Isaya akasema. "Nilipangiwa kazi ziwani miaka miwili. Tangi lake la petroli, kwenye kizibo, lina skrubu ndogo juu. Umeilegeza?"

Nikaanza kufuta oili vidoleni.

Isaya akaniuliza kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyonimaliza: "Mwalimu, unakumbuka kopo la maziwa?"

Jamani. Kila mwaka naingia darasani na kopo la maziwa. Natoboa tundu moja, nalipindua, maziwa hayatoki. Nauliza darasa, kwa nini? Wanashangaa. Natoboa tundu la pili, maziwa yanamiminika. Nazunguka darasani natamba: hewa isipoingia, maziwa hayatoki! Kanieneo ya hewa! Mwaka wa kumi na sita huu! Mchoro wake nauchora bila kutazama ubao!

Skrubu ile ndiyo tundu la pili. Ilikuwa imefungwa. Injini inanyonya petroli, tangi halipati hewa, mpira unanywea. Hewa. Tangi. Baba alikuwa ananipa jibu kamili, nami nikamfungua vifungo vya shati.

Waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka mwenye mguu wa bandeji akaomba wenzake waache, anaumia. Mama Upendo alijifunika kanga usoni, mabega yanaruka. Lakini mimi nilikuwa namtazama baba. Alikuwa amemshika Isaya mkono, kwa mikono yake yote miwili, na ule mbovu pia. Alimtazama kama mtu aliyekaa ugenini mwaka mzima, ghafla akakutana na anayejua lugha ya kwao.

"Hewa," akasema.

"Ndiyo, mzee," Isaya akajibu. "Hewa. Ya tangi."

Nikatoka nje kidogo. Nilijifanya natafuta bajaji, ila ukweli nilikwenda kufuta macho. Mwaka mzima huu, baba akianza kusema neno mimi nalimalizia. Akisema "ma", nimeshaleta maji. Nimemhudumia, nimemhurumia, nimemfulia. Nilichokuwa sijakifanya ni kumsikiliza.

Tuliporudi, pikapu ya Gaudensi ilikuwa imeshaingia uani kinyumenyume. Yeye mwenyewe anafungua injini kwenye ubao.

"Dada, nimevuta kamba mara kumi, hii imekufa. Mmetoka wapi? Baba mbona kifua wazi?"

Baba alishuka kwenye bajaji bila kusubiri mkono wa mtu. Sijamwona akitembea vile tangu aje. Akampita Gaudensi, akapiga goti moja kwenye matope nyuma ya pipa, akaweka vidole viwili juu ya kizibo cha tangi.

Fyuuuuu.

Tuliisikia wote. Baba akanitazama kuona kama nimesikia. "Nimesikia, baba," nikasema.

Gaudensi akaikaza injini upya. Nikabinya yai la mpira: likajaa, likawa gumu. Baba akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, kama unavyomtuliza ng'ombe anapokamuliwa. Nikavuta mara moja tu.

TRRRRRRRRRRR!

Ikawaka! Na haikuzima! Kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua ni kwamba Gaudensi, katika kufungua, alikuwa amegusa gia. Pangaboi likaanza kazi yake ya zamani. Maji ya pipa, maji yaliyolala nje kwenye baridi, yakapanda yote na kuja kwangu. Uso, kifua, viatu. Nikapiga ukelele uliosikika Makambako.

Halafu nikasikia sauti nisiyoitambua. Ni baba. Anacheka. Amekaa kwenye matope, kofia imemwangukia jicho moja, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na kucheka kwake hakukuwa na kigugumizi hata kidogo.

Akaizima mwenyewe. Tukajaza pipa upya. "Washa," akaniambia. Nikawasha. "Zima." Nikazima. Kisha akanishika kidole, akakiweka kwenye skrubu. "Funga." Nikafunga. "Fungua." Nikafungua. "Rudia." Nikarudia mara nne, nimelowa chapachapa, natetemeka, Gaudensi anarekodi kwa simu. Mara ya tano baba akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba nimefaulu.

Mchana Gaudensi alipakia injini kwa uangalifu, akaifunika turubai, akaondoka nayo. Itashuka Manda. Baba alisimama getini mpaka pikapu ikapotea kwenye kona. Niliogopa ataingia ndani na huzuni. Akaingia na njaa. Alikula ugali na maharage mikono ikinuka petroli, amekataa kunawa kwa sabuni.

Sasa hivi ninavyowaandikia nimekaa karibu na jiko la mkaa, nywele bado mbichi, chafya ya saba hii. Nilichojifunza: mtu akikuambia anataka hewa, muulize kwanza ni ya nani. Najua mtacheka, siwezi kuwazuia. Ila chekeni kwa sauti ya chini, mzee amelala.