Kampuni ya Magitaa Isiyokuwepo

Jumatatu, 6 Machi 2006

Miezi mitano tangu kiwanda cha viti kifungwe. Viti vyetu sasa vinaundwa Vietnam, na serikali imekubali kwamba hatukuponzwa na uvivu bali na biashara ya dunia. Kwa hiyo itatusomesha, na posho juu. Mimi, Verlin Stamper, miaka hamsini na minne, mwanafunzi! Nimechagua kutengeneza magitaa. Nimepinda miguu ya viti miaka thelathini na mmoja. Gitaa litanishinda nini? Bi Finch wa ofisi ya ajira amekataa. Anasema serikali hailipii masomo yasiyo na kazi mbele yake, na kaunti nzima haina mwajiri hata mmoja wa mafundi magitaa. Nisipojiandikisha kozi nyingine kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, msaada wote unapotea. Akanipa orodha: mafriji, malori, uuguzi. Nikaikunja mara nne mbele yake. Gitaa au basi.

Jumatano, 8 Machi

Jibu limenijia nikinyoa ndevu. Hakuna mwajiri? Nitamleta mwajiri! Nimepeleka tangazo gazetini: Kampuni ya Magitaa ya Laurel Fork inatafuta mafundi, waliozoea mbao watafikiriwa kwanza. Ofisi: lile duka tupu lililokuwa likiuza chakula cha mifugo. Simu: ile ya karakana yangu. Nitalikata tangazo, nimpelekee Bi Finch, aniidhinishie, kisha kampuni ijifie kimyakimya. Mke wangu Lorene akauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema ni hali ya hewa.

Jumamosi, 11 Machi

Limetoka! Kufikia adhuhuri simu imelia mara kumi na tisa. Sikuwa nimewaza hilo. Nilidhani atalisoma Bi Finch tu. Ya ishirini, sauti naijua: Delbert Tuttle, aliyekuwa msimamizi wangu, yule aliyeandika jina langu ubaoni kwa kuchelewa dakika tatu. Nikabana pua, nikajiita Bwana Vandergriff. Akaniita mheshimiwa. Utamu ulioje! Nikamuuliza kama anajua kutii wakubwa. Akajibu, "Mheshimiwa, hata kufagia nitafagia. Nina wajukuu wawili ndani." Utamu ukakatika. Nikasema tutamjulisha.

Jumatatu, 13 Machi

Nimempelekea Bi Finch tangazo. Analo tayari, kalibandika ukutani! Macho yanamng'aa. Anasema ameacha ujumbe kwenye simu ya kampuni: Alhamisi saa nne atawaleta watu wake wote pale dukani wasailiwe. Kozi yangu tutaizungumza baada ya hapo. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli. Nikafungua mdomo. Kilichotoka: "Habari njema hizo, Bi Finch."

Alhamisi, 16 Machi

Mpango: niwahi, nibandike mlangoni karatasi kwamba kampuni imehamia jimbo la Tennessee. Nilikuwa na gundi mkononi walipotokea, nusu saa kabla ya wakati. Watu thelathini na wanne! Mashati ya kanisani, viatu vimepigwa rangi. Icy Mae Puckett, aliyeshona mito ya viti miaka thelathini na minane, kavaa gauni lake la Pasaka. Akaisoma karatasi. Akaitazama gundi. Akauliza taratibu, "Verlin, na hawa nao wamehama?"

Ile sauti ndiyo iliyonimaliza. Nikaeleza yote. Tuttle akadakia: "Kwa hiyo Vandergriff ni wewe? Nimekuita mheshimiwa, wewe na pua yako hiyo!" Mmoja akacheka, hakuna aliyemfuata. Icy Mae akasema kiwanda angalau kilitutumia barua. Bi Finch akanipa mgongo, akawageukia watu wake. Nimeona aibu, tena ile ya kwelikweli. Habari ilifika kwa Lorene kabla yangu. Chakula: mkate wa mahindi wa jana, na kiti chake kitupu.

Ijumaa, 17 Machi

Siku ya mwisho. Nilikuwa mlangoni kwa Bi Finch kabla hajafungua. Nikamwambia nitasoma chochote, hata kuosha malori. Hakunikaripia, na hilo lilichoma zaidi. Akasema sita kati ya wale watu walikuwa wamekata tamaa, hawajakanyaga ofisini kwake tangu Krismasi. Jana, kwa kuwa walikuwa wameshavaa na kutoka nyumbani, aliwaandikisha masomo palepale kando ya barabara. Akaongeza, "Usijipongeze, Bwana Stamper." Nilikuwa nimeshaanza. Nafasi imebaki moja tu: uuguzi. Nikatia sahihi. Nimo!

Jumatatu, 20 Machi

Darasa la kwanza. Tuko kumi na wawili, na wanaume ni wawili: mimi na Tuttle, naye kaandikishwa palepale barabarani! Tumepangiwa kitanda kimoja cha mazoezi. Nilimwogesha mgonjwa wa plastiki, mkono ukang'oka. Tuttle akauliza, "Huyo unamwogesha au unamkamata?" Darasa zima likaangua kicheko, Icy Mae, naye ni mmoja wa wale sita, kuliko wote. Mwalimu akasifu shuka alizotandika Tuttle. Wakati wa mapumziko nilimwomba radhi. Akasema atalifikiria. Nimekoma na uongo. Kuanzia leo, njia iliyonyooka tu.

Mtihani wa vitendo ni Mei. Mwalimu anatafuta wazee wa kujitolea kuwa wagonjwa. Nimeshamwona shangazi yangu Zella. Nikimgusa mimi, asinzie kwa raha. Akimgusa Tuttle, apige yowe. Amekubali, ila anataka na kuzimia. Nikamwambia kuzimia kutazidi.

Nimefikiri tena. Azimie.