Kitengo cha Wanawake Wasiofikika

Halmashauri ya Mji wa Aldershaw ina furaha kuwatangazia wakazi wote kwamba Kitengo cha Kuwafikia Wanawake Wasiofikika kimetimiza miaka mitatu bila kumfikia mwanamke hata mmoja, na kwa ushahidi huo wa ukubwa wa tatizo, kimeongezewa bajeti.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Raja Khadim, Mratibu Mkuu wa kitengo, akalisoma mara mbili, akaliona zuri. Kitengo kilianzishwa kwa ajili ya akina mama wa Kimirpuri, waliohamia Uingereza kutoka Kashmir ya Pakistani, ambao mtoto au mume anabwia unga: wapate pa kukaa, mtu wa kuzungumza naye, na barua yenye mhuri inapohitajika. Halmashauri ilimchagua Raja kwa kuwa ni Mmirpuri mwenzao na alijua kwa nini hawaji. Alikwisha kulieleza jambo hilo katika ripoti nne: haya, aibu, lugha, na baridi. Sasa wangekuja, ripoti ya tano ingeandikwa juu ya nini?

Jumanne asubuhi mlango ukafunguka, akaingia Resham Jan, koti zito juu ya suruali pana ya shalwar, mtandio umelowa mvua.

"Salaam aleikum, Raja Sahib."

Raja alimtazama kwa huzuni ya kikazi. Ilikuwa mara ya sita mwezi huo.

"Dada Resham. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Mwanangu Wakas kang'oa bomba la shaba jikoni, kaenda kuliuza. Maji yameshuka mpaka kwa jirani wa chini. Watu wa nyumba za halmashauri wameniambia, ikifika Ijumaa sina barua ya kuonyesha kwamba napata msaada, natolewa. Mimi na yeye, nje."

"Pole sana. Lakini hiki ni kitengo cha wanawake wasiofikika. Wewe umefika."

"Nimefika kwa miguu, basi lilichelewa."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Nikikuandikia barua wewe unayeweza kufika, nitakuwa nimemnyang'anya yule asiyefikika."

"Yule nani?"

"Hatumjui. Hafikiki."

"Na nikijifungia ndani nisitoke, utanifuata?"

"Gari letu hutoka kila Jumatano saa tatu kamili."

"Nalijua. Linapita mtaani kwetu, halisimami."

"Likisimama si watu watajua hiyo ni nyumba ya teja? Tunalinda heshima yenu."

"Raja Sahib, heshima yangu iliuzwa pamoja na bomba."

Raja aliandika sentensi hiyo pembeni, ingefaa kwenye ripoti. Kisha akamshauri arudi nyumbani, afunge mapazia, na asikate tamaa.

Alhamisi akaja mkaguzi kutoka makao makuu, Bi. Hilary Clegg, mwanamke wa taratibu, mwenye kalamu tatu. Raja alikuwa amempangia viti kumi na viwili vitupu kwa duara. Alimpitisha kiti kimoja kimoja.

"Na hapa pia hakuna mtu," alisema kwa fahari.

"Inasikitisha sana," alisema Bi. Clegg, akaandika *bora*.

Ndipo wakaingia Resham na wenzake kumi na mmoja. Waliviona viti, wakakaa.

"Hawa ni nani?"

"Wapita njia," alisema Raja.

"Tupite wapi, na mvua hii?" alisema Bibi Fazal, aliyekuwa mkubwa kuliko wote. "Mwambieni mama huyu tumekuja kufanya nini."

Kila mmoja alijua mwenzake ana nini nyumbani, na hakuna aliyewahi kulitamka. Bibi Fazal akainua mkono, macho sakafuni. "Mjukuu wangu." Mwingine akainua. "Mume." Halafu mikono yote ikawa juu, na Resham akaeleza habari ya Ijumaa.

Bi. Clegg aliomba kitabu cha mlangoni, kile ambacho kila aingiaye hutia sahihi ili jengo likiwaka moto ijulikane nani kaungua. Alikisoma chote. Kisha akavua miwani.

"Bwana Raja, wanawake hawa wamekuja kwako mara sitini na moja. Wewe umekwenda kwao mara ngapi?"

"Kitaalamu, tunapita."

"Basi kwa mujibu wa taratibu, wafikiaji ni hawa. Asiyefikika ni wewe."

Raja alisema kwamba kimantiki hapo pana kasoro. Bi. Clegg alisema kasoro ziwasilishwe kwa maandishi. Hapo hapo akamsajili Resham Jan kuwa Mfikiaji wa Daraja la Kwanza, akamwandikia barua, akaigonga mihuri miwili. Ijumaa watu wa nyumba waliipokea kwa mikono miwili. Mhuri mmoja tu ungewatosha. Bomba jipya likafungwa wiki ile ile.

Jumatano iliyofuata, saa tatu kamili, gari la kitengo, Resham na wenzake ndani yake, lilisimama mbele ya nyumba ya Bwana Raja Khadim. Yeye alikuwa sebuleni, amevaa suti, tayari kufikiwa. Lakini aliyefungua mlango ni mkewe, Tazim.

"Habari za nyumbani?" aliuliza Resham, kama fomu inavyoelekeza.

Tazim alimtazama sana. "Viatu acheni hapo. Njooni jikoni, polepole." Na kabla birika halijachemka: "Wangu anaitwa Adil. Huu mwaka wa nne wa unga. Baba yake anasema yuko chuo."

Raja alisubiri. Alisikia kilio, kikanyamaza. Alisikia vikombe, halafu kicheko, cha mkewe, alichokuwa amekisahau. Alikohoa. Akakohoa tena. Saa sita kasoro Resham akatokea na fomu.

"Raja Sahib, tumempata mmoja. Inatakiwa sahihi ya afisa."

Raja alisoma. *Jina: Tazim Akhtar. Mahali alipopatikana:* anwani yake mwenyewe. *Umbali kutoka kwa afisa:* hatua saba. Chini yake mistari mitatu mitupu: *Sababu ya kutofikiwa mapema.*

Alishika kalamu. Alifikiria haya, akafikiria lugha. Baridi haikuwepo, moto ulikuwa unawaka.

"Mwambieni aandike hati ya kusomeka," Tazim alisema kutoka jikoni. "Nitaisoma mwenyewe."