Uzinduzi wa Nne wa Kituo cha Seli za Kusikia, Kianyaga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi mwenyewe kwa kuwa mwenyekiti amepata udhuru, Mchungaji, kwa maombi mazuri yaliyochukua dakika arobaini, Naibu Chifu, wazee wa mitaa, akina mama mlioacha vikapu vya majani chai hapo nje, Daktari Fowsia, aliyetoka Nanyuki alfajiri na bado hajapewa chai, mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa, sasa naanza kuwataja niliowasahau. (Minong'ono.) Basi, nitawataja baadaye. Bwana asifiwe. (Amina.) Bwana asifiwe tena. (Amina, kwa uchovu.)

Mimi, Daktari wa Heshima Moffat Ireri, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usikivu wa Mlimani, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata wapinzani wangu wanaukiri, kuzindua rasmi, kwa mara ya nne, Kituo cha Seli za Kusikia, ambacho kwa mujibu wa roadmap yetu ya kimkakati, na kwa kuzingatia baseline survey iliyofanywa na stakeholders wote katika hoteli moja nzuri sana huko mjini, kitapima namna ubongo wa mtoto unavyoitikia sauti. (Makofi kiasi.)

Ndugu wananchi, nyinyi mnadhani mnasikia kwa masikio. Sikio ni lango tu, wenye nyumba wako ndani. Daktari Fowsia ameniandikia hapa, nami nitasoma kama alivyoandika, kisha nitamrekebisha. Anasema ndani ya ubongo, usawa wa juu ya sikio, kuna sehemu iliyojaa seli, na kila seli ina sauti yake inayoipenda. Moja huamka ikisikia sauti nyembamba, kifaranga kwa mfano. Nyingine hungoja sauti nzito ya ng'ombe, na ukiiletea kifaranga haijishughulishi. Ndugu zangu, huo ni utawala bora. Hata ofisini kwangu, ukileta barua ya dirisha la pili kwenye dirisha la kwanza, hakuna atakayekutazama. (Kicheko. Mzee mmoja: "Hiyo ni kweli kabisa.") Tena kuna seli zinazoamka sauti ikianza tu, halafu zinanyamaza hata kama sauti yenyewe bado inaendelea. Hizo nimezifananisha na kamati yangu ya ufundi, na ninaipongeza.

Anaendelea kusema kwamba sauti ileile ikirudiwa sana, seli huichoka, hupunguza kuitikia mpaka kije kitu kipya. Kwa hivyo nikisema barabara, maji na kituo, nanyi msipige makofi, mimi sina kinyongo. Sio nyinyi. Ni seli. (Kimya.) Si mmeona.

(Mama mmoja anasimama, amemshika mkono msichana wa miaka minne. "Mheshimiwa, mimi ni Warigia kutoka Kagio. Tangazo ilisomwa kanisani ati tulete watoto wapimwe leo. Huyu Waithira wangu hasikii. Hiyo mashine itapima saa ngapi?")

Asante, Mama Waithira, keti, swali lako liko ukurasa wa kumi na moja. Ila kwa hisani yangu naruka kurasa sita. Daktari ameandika kwamba seli za mtoto zisipoletewa sauti mapema, ubongo hauziachi bure, unazipa kazi nyingine, kama vile shamba ukilitelekeza miaka mitatu unakuta jirani amepanda viazi, na kumtoa hapo ni vita. (Daktari Fowsia: "Miaka minne sasa, Mheshimiwa. Kila mwezi ni hasara.") Sawasawa kabisa. Ndiyo maana Mamlaka haikupoteza wakati, tumezindua kila mwaka tangu mtoto huyu akiwa na mwaka mmoja. (Warigia: "Najua. Nilikuja hizo zote.") Makofi kwa mama huyu. (Makofi machache, ya huruma.)

Nikija kwa upande wa takwimu, mahudhurio ya watoto waliosajiliwa leo ni asilimia mia moja, kiwango ambacho sijasikia kimefikiwa kwingine kokote mlimani, na ninajipongeza kwa niaba yenu. Na pale mezani, chini ya kitambaa cha kijani, iko mashine yenyewe, state of the art, ya kisasa kabisa, ambayo tutamwekea mtoto waya kichwani bila maumivu yoyote, itatoa mlio, nasi tutaona seli zikiitika moja baada ya nyingine, na kwa mantiki hiyo

(Honi ya lori la majani chai inalia kwenye kona ya chini. Umati wote unainuka kwa pamoja.)

Asanteni. Asanteni sana kwa kusimama, heshima hii sikuitarajia. (Wanakimbilia vikapu.) Na itazameni sayansi ikifanya kazi, seli za honi zimeamka hata kabla miguu haijajua. (Wamebaki Daktari Fowsia, Warigia na mtoto. Waithira hajageuza kichwa. Anautazama mdomo wa Mheshimiwa.) Muoneni huyu mdogo. Wakubwa wote wametoka, yeye peke yake amenisikiliza mpaka mwisho. (Karani wa majani chai anaingia, anavuta kitambaa, anaibeba mizani ya kupimia majani. "Pole, Mheshimiwa, foleni imeanza.") Hakuna shida, karani, lakini kitambaa ni chetu.

Na sasa kaulimbiu yetu: Sauti kwanza. Seli mbele. Mlima juu.

Namalizia kwa shukrani. Nalishukuru banda hili la majani chai kwa kuwa kituo chetu tangu saa tatu mpaka sasa hivi. Namshukuru karani kwa mizani. Namshukuru Daktari Fowsia kwa kukubali kuitwa wafanyakazi wetu wote, ingawa barua yake ya kazi haijaandikwa. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Waithira, kwa sababu mradi lazima uwe na kitu cha kuonekana, na sisi, kusema ukweli, kiwanja hatuna, mashine hatujaagiza, tuna daftari hili la majina, na majina mengine yote wazazi walikuja wenyewe wakayakata. Kwa hivyo jina la Waithira ndilo kituo. (Daktari Fowsia, kwa sauti ya chini: "Mama, kuna mahali wanapima Alhamisi. Niko na nafasi kwa gari." Warigia anakuja mezani, anachukua kalamu.) Weka sahihi hapo chini, mama, ya mwaka ujao. (Warigia anakata jina la mtoto wake. Anamgusa begani, wanatoka wote watatu.)

Mama Waithira. Mama, ngoja kidogo. Sasa mwaka ujao nitazindua nini?