Hevi Metali Iko Hapa

Jumatatu, 9 Juni
Nimepata albamu! CD ya hevi metali, ya kwanza kabisa ya vijana wanne wa Ulaya. Jina la bendi halisomeki, herufi kama mizizi. Walirekodi ndani ya gereji na gereji inasikika. Nimeitoa mtaa wa Kongo, Kawangware, kwa sababu Oluoch wa kibanda cha pili anauza muziki wa ohangla tu na anajiskia sana. Mama Adhis, mwenye kibanda ninachokodi kuuzia muziki, alisikiliza kidogo akauliza mbona huyo mgonjwa hapewi maji. Kisha akasema hapa Gatwekera wateja wangu wameisha, na kuna mtu wa chipsi anataka nafasi. Nina hadi Jumamosi kumletea binadamu mmoja anayependa hiyo kelele kwa roho yake. Mmoja! Amenidharau.

Jumanne, 10 Juni
Tangazo ubaoni: HEVI METALI IKO HAPA. Kufika saa tatu, watu saba. Nikajua nimeomoka, pesa imekuja. Walikuja na mikokoteni na mzani. Watu wa skrapu, wanunuzi wa vyuma vikuukuu! Mukhwana, mkubwa wao, akauliza ni kilo ngapi. Nikamwekea wimbo wa tatu. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akasema hiyo ni mashine imekufa beringi lakini ataichukua hivyo hivyo. Oluoch alicheka mpaka akakaa chini. Fala.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefikiria kisayansi. Huu ni muziki wa watu wenye hasira. Nikapeleka spika kwa foleni ya maji, mifereji imekauka siku ya tatu. Nimepigwa na mtungi. Ulikuwa mtupu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yao.

Ijumaa, 13 Juni
Nilimwambia Pasta Shivachi hao wa kwenye CD ni watu wanaoomba kwa kunena kwa lugha. Akaja na waumini wawili, wakakemea spika dakika arobaini. Pepo hakutoka. Waya mmoja ndio umetoka.

Jumamosi, 14 Juni
Mama Adhis amefika na mtu wa chipsi, karai mkononi. Nimeweka albamu mara ya mwisho. Wimbo wa nne, ohangla ya jirani ikazimwa. Oluoch huyo mlangoni kwangu. Kichwa kinatikisika chenyewe. Machozi yanamtoka!

Akamwambia Mama Adhis: "Tangu tumzike baba sijawahi kulia. Huyu jamaa wa kwenye CD amenililia."

Mama Adhis akasema basi, mtu amepatikana, kibanda kibaki changu. Nikakataa. Oluoch hahesabiki! Anataka nimshukuru maisha yangu yote.

"Morris," Mama Adhis akaniuliza, "uko sawa kweli?"

Nikasimama imara. Saa nane chipsi zilikuwa zinauzwa.

Jumapili, 15 Juni
Sina kibanda, lakini heshima ninayo. Oluoch amekuja kusema nihamie kwake, tugawane kibanda nusu kwa nusu, bora asikie wimbo wa nne kila asubuhi. Unaona ujanja? Nimemfukuza. Nimeshapata nafasi Kawangware, ukuta mmoja na kliniki ya watu wa presha. Wanakaa kwa benchi kutwa nzima, wametulia, hawana muziki wowote. Kesho mapema nahamisha spika.