Ubavu wa Pikapu

Siku mama muuza mayai alipoinama barabarani juu ya trei iliyopasuka, watu wengine waliona ute na maganda. Hariri aliona pikipiki.

Ilikuwa pikipiki nzuri, inayonguruma kwa adabu, na mama, mwenye mali, alikuwa akiilaani kwa kila shimo ililomrusha.

"Mama yangu," Hariri alimwambia, akiokota yai moja lililopona kama anayeokota yatima, "mayai hayapandi pikipiki. Mayai hupanda pikapu, nami ninayo. Njoo kesho mchana tubadilishane mali kwa mali, tusitiane dhambi za pesa."

Jina la Hariri alipewa mtaani kwa ulaini wa ulimi wake, ingawa siku za biashara alivaa na suti. Pikapu kweli alikuwa nayo, na injini yake ilikuwa nzima. Ubavu wa kushoto ndio uliokuwa umeliwa na kutu, hata kuku angepita bila kuinama.

Kuchomelea kunataka fundi, na fundi anataka malipo. Hariri akanunua bati na bomba la gundi nzito ya bodi, nyeusi kama lami. Muuzaji alimweleza vizuri: akwangue mpaka chuma king'ae, apake mstari mnene usiokatika, agandamize bati, kisha alibane kwa klampu mpaka gundi ikauke. Hariri alisikia yote isipokuwa la mwisho, maana hapo alikuwa ameshaanza kuomba apunguziwe bei.

Kesho yake, katika ua wa kukodi alimoegesha pikapu, akakwangua, akapaka mstari, kisha akapaka mwingine juu yake, kwani gundi iliyolipiwa ya nini kuibakiza? Akabandika bati, akarudi nyuma kidogo kujisifu. Bati likaanza kuteleza taratibu, kama mlevi anayeshuka ukutani. Akalirudisha. Likateleza tena. Mara honi ya pikipiki ikalia langoni.

Hariri akageuka, akaliegemea bati kwa mgongo na makalio, akakunja mikono, akatabasamu kama mwenye mji.

"Karibu, mama! Umewahi."

"Anayetaka chake hachelewi. Mbona huji kunipokea?"

"Ninaliaga gari langu, mama. Tumetoka mbali."

Mama akazunguka pikapu. Akanusa mara moja, akanusa tena. Akaona uzi mweusi ukichuruzika kando ya kiuno cha Hariri. Akaomba ufunguo, akaiwasha injini, akaisikiliza, akaizima.

"Njoo unifungulie boneti."

"Kishikio kiko chini ya usukani, mama. Mtu hujifunza kwa kutenda."

"Na tairi la akiba?"

"Lipo, haki ya nani."

"Twende tukalione basi."

"Mgongo, mama. Leo unaniuma, nikiegemea ndiyo nafuu yangu."

"Pole, mwanangu. Basi tusiharakishane."

Akageuza ndoo, akaikalia kivulini. Akamsimulia Hariri habari za kuku wake mmoja mmoja: anayetaga, anayesingizia kutaga, anayekula mayai ya mwenzake. Jua lilimchoma Hariri kichwani, naye akaitikia kila kuku kwa heshima, kama mtu aliye msibani. Pikipiki ilimeremeta mbele yake.

"Haya," mama akasema mwishowe. "Sogea sasa."

Hariri akajaribu. Yeye alisogea kidogo. Suti haikusogea.

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi bodi," mama akasema. "Kila jioni alirudi na harufu hiyo shatini. Kuna shati moja sijalifua mpaka leo." Kisha macho yake yakacheka. "Yeye alikuwa akibana kwa klampu sita. Hakuwahi kufikiria kutumia muuzaji."

"Mama, nikueleze..."

"Usinieleze. Kazi ni nzuri, umebana vizuri sana. Sasa chagua. Niwaite mafundi wa mtaa mzima waone gari linalouzwa kwa kushikiliwa na makalio, halafu utafute wa kumdanganya tena hapa? Au nikupe trei mbili za mayai, pikapu niondoke nayo, na pikipiki ibaki yangu?"

"Trei mbili! Mama, hiyo si biashara, ni mazishi!"

Mama akaweka viganja mdomoni, akavuta pumzi ya kuita.

"Nimekubali! Nimekubali, mama yangu!"

Mama mwenyewe akachomoa kadi ya gari katika mfuko wa koti la Hariri, kwa upole wa mzazi, akamtia kalamu mkononi atie saini. Kisha akageuza uso kwa staha, Hariri akajivua suti kama nyoka anayeacha gamba.

Mama akafungua trei mbili za mayai zilizokuwa juu ya pikipiki, kisha wakaipakia nyuma ya pikapu. Pikapu ikatoka langoni, suti ikiwa imekumbatia ubavu wake.

Hariri alipita mtaa mzima kurudi kwake kwa bukta ya ndani yenye maua, katika saa ambayo kila mtu yuko barazani. Kila mkono ulikuwa umeshika trei moja, na mayai hayataki haraka, kwa hiyo hakuweza kukimbia wala kujisitiri.