Malalamiko Kuhusu Jaketi Lililoniokoa Pamoja na Shemeji Yangu

Kijiji cha Tinagbasan,
28 Aprili.

Kwa Bi. Marivel Cabahug,
Afisa wa Uvuvi wa Manispaa.

Mheshimiwa,

YAH: RIPOTI YA MAJARIBIO YA MAJAKETI OKOZI YA AINA MBILI, AMBAYO IMEGEUKA KUWA MALALAMIKO

Nakuandikia nikiwa mkavu. Naanza na hilo kwa sababu siku kumi na mbili zilizopita hali haikuwa hivyo, na lawama zote nazielekeza ofisini kwako.

Utakumbuka kwamba mwanzoni mwa Machi ulikuja kwenye uwanja wetu wa mpira wa kikapu na majaketi mawili. Moja nene, la rangi ya chungwa, limeshindiliwa sponji. La pili jeusi, jembamba kama mkanda wa begi, ambalo ulisema hujijaza upepo lenyewe likiingia majini, kwa mtungi mdogo wa gesi na kidonge kinachoyeyuka. Ukasema manispaa italeta majaketi sitini, ila ya aina moja tu, na sisi wavuvi wa mishipi tuchague. Tukagombana mpaka ukachoka, ukaamua mwenyewe: mimi, Zosimo Tumulak, mwenyekiti, nivae la sponji siku arobaini, na Gaudencio Lumapas, mdogo wake mke wangu, avae la upepo. Kisha tukuletee ripoti.

Hukujua, wala sikulaumu kwa hilo, kwamba mimi na Gaudencio tulikuwa hatujasemezana miaka tisa. Nyumba zetu zimetenganishwa na hatua thelathini na banda moja la nguruwe. Tukiwa na neno, tulilipitisha kwa mke wangu Perla, hata tukiwa tumesimama wote watatu pamoja.

"Perla, mwambie nduguyo maji ya paa lake yanaingia jikoni kwangu."

"Dada, mwambie mumeo mvua siinyeshi mimi."

"Mmesikiana," husema Perla, akaendelea kuparua samaki wake.

Utaratibu huo ulikuwa mzuri, haukuwa na hitilafu yoyote, hadi majaketi yako yalipofika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jaketi la sponji lina joto, tena linanasa. Ikifika saa tatu asubuhi mtu ndani yake anaiva kama wali. Ndoana zinalipenda kuliko chambo. Siku ya kwanza nilivua jodari wawili, na nikajivua mwenyewe mara nne. Wenzangu wananiita Nong, kama anavyoitwa mtu mzima huku kwetu, kisha wanaiondoa heshima yote katika maneno yanayofuata.

"Nong Zosimo, hilo godoro unalipeleka wapi?"

"Mwacheni, leo analala nyumba ndogo!"

Nikilianika ukutani, kuku wa Perla anatagia ndani yake. Mayai sita hadi sasa. Sisemi kwamba hayakuliwa.

2. Jaketi la upepo linampa mtu majivuno. Gaudencio alilivaa sokoni, alilivaa kwenye mapigano ya majogoo, alilivaa akiimba karaoke, kifua mbele kama mlinzi wa seneta. Kisha akabandika juu yake beji ya chama chetu, kwa pini. Naomba uikumbuke hiyo pini.

Jumapili ya Matawi akaja nalo kanisani. Sasa, Padri Anselmo wetu hanyunyizi maji ya baraka, anamwagia watu. Ana ndoo na ufagio wa makuti, na mkono wake umezoea kupiga mpira wa wavu. Akapita, akachota, akampata Gaudencio barabara kifuani. Mheshimiwa, lile jaketi lililia FYUUUP! Likafura pande zote mbili likamkaba, macho yakamtoka, akabaki na shingo ya chura. Manang Crispula, bibi anayeuza mboga, akapiga magoti palepale.

"Ameshukiwa! Jamani, Gaudencio ameshukiwa!"

Padri, kipaza sauti kikiwa mkononi, akasema, "Hajashukiwa, amelowa. Tuendelee."

Lalamiko langu hapa ni kwamba nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi. Kwa miaka tisa nilikuwa sijacheka kwa jambo lolote linalomhusu mtu huyo, na nilikuwa nimejiwekea nia ya kufikisha kumi.

3. Mtungi ukishatumika, umetumika. Kwenye kisiwa chetu hakuna mwingine. Tulipoulizia tukaambiwa utakuja na boti baada ya Pasaka, bila kuambiwa Pasaka ya mwaka gani. Gaudencio akalitoa upepo, akalikunja, akaendelea kulivaa vilevile.

"Perla, mwambie nduguyo hilo sasa ni mkanda tu."

"Dada, mwambie mumeo kuna kibomba cha kupuliza kwa mdomo. Afisa alituonyesha. Mumeo alikuwa anasinzia."

Ni kweli nilikuwa nasinzia. Ripoti lazima iwe ya haki.

4. Tarehe kumi na sita, Alhamisi, nilitaka kuliacha jaketi nyumbani. Perla alinifuata hadi ufukweni akiwa na mwiko mkononi, akanivisha mbele za watu, akafunga kamba kwa mafundo mawili ambayo hata sasa sijui yalifungwaje. Wenzangu walipiga makofi.

Kufikia saa nne hivi nilikuwa kwenye chelezo chetu, lile jukwaa la mianzi linaloelea tulilotia nanga ili samaki wakusanyike chini yake. Upande wa pili, kwa umbali wa kutosemezana, alikuwa Gaudencio. Upepo ukageuka ghafla. Mawimbi mawili yalikuja yamefuatana. La kwanza lilivunja mkono wa kushoto wa ngalawa yake, ule mwanzi wa pembeni unaoiweka sawa, la pili likaibinua. Nilimwona akiibuka. Upepo ukaichukua ngalawa, ikateleza juu ya maji kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuogelea, yeye akabaki nyuma.

Nilikwenda. Nataka ieleweke kwamba nilikwenda kwa kuwa mimi ni mwenyekiti. Nilipunguza mashine, nikainama ubavuni nimfikishie mwanzi aushike, wimbi likainua ngalawa yangu upande mmoja, na mimi nikaufuata mwanzi majini. Ngalawa yangu haikunisubiri. Ilikwenda zake mashine ikinguruma, ikafika kisiwa cha pili bila nahodha, ikapanda ufukweni mbele ya wafua nguo. Jodari wangu waliliwa huko. Wameniletea vichwa.

Gaudencio alikuwa anapuliza kile kibomba. Akipuliza, hewa inatoka kwenye tundu la pini, inapiga mluzi. Anapuliza, inapiga mluzi. Nilimtazama mara tatu, nne. Kisha akaacha kupuliza, akanitazama na yeye, na kidevu chake kikaingia majini.

Nikamsogelea. Akaushika mkanda wa jaketi langu shingoni. Sponji ile, Mheshimiwa, ambayo katika fomu yako imeandikwa "mtu mmoja", ilituchukua wawili.

5. Hili ndilo lalamiko kubwa. Mtu aliye nchi kavu akiambiwa asichotaka kukisikia, huinuka, akajipangusa, akaondoka. Jaketi la sponji halina mlango. Nilikuwa nimefungwa mafundo mawili, na uso wa Gaudencio ulikuwa kiganja kimoja kutoka kwenye uso wangu. Mwanzoni tulijaribu kuufuata utaratibu wetu.

"Perla angekuwepo," nikaiambia bahari, "ningemwomba amwambie nduguye asininyonge."

"Dada angekuwepo, ningemwomba amwambie mumewe kwamba nikiachia nazama."

Wimbi likatufunika. Tulipotokeza mkono wake ulikuwa umeteleza, nikamdaka nywele.

"Shika, mjinga wewe!"

Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia ana kwa ana baada ya miaka tisa, na naomba irekodiwe kwamba lilikuwa tusi.

Akaushika tena mkanda. Kisha akasema, "Nong. Pidio nilimshika."

Elpidio, huyo Pidio, alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu. Alikwenda kuvua katika ngalawa ya Gaudencio, dhoruba ikaipindua, akarudi Gaudencio peke yake. Mwili hatukuupata. Siku ya sala nilimuuliza mbele za watu swali moja tu: ulimwachaje? Akainamisha kichwa asijibu. Nami nikachukulia kwamba amejibu.

"Nilimshika kama hivi," akasema. "Tulikuwa na dumu moja, Nong, lile la mafuta. Tukalishika wote wawili. Likawa linazama nasi. Tukipokezana, linazama. Akaniambia, Gaud, hili halituwezi. Nikamwambia nyamaza. Nikamshika mkono. Akaung'ata mkono wangu, Nong, ili nimwachie. Alama hii hapa. Ningekujibu nini siku ile, na mama yenu ameketi palepale? Nimwambie mwanawe alijitoa ili mimi nibaki? Niliona afadhali mnichukie."

Alama nimeiona. Iko chini ya kidole gumba. Miaka tisa amekuwa akipokea sahani kutoka kwa Perla kwa mkono huohuo, na mimi nimekaa mezani naangalia pembeni.

Mheshimiwa, katika fomu yako ya ripoti hakuna kifungu cha jambo hili. Chini ya "Maoni Mengine" kuna mistari miwili, na mmoja umechukuliwa na muhuri. Nilichomjibu hakiihusu Serikali. Tulikaa majini takriban saa mbili, na wavuvi wa ngisi walipotuvuta ndani ya chombo chao, nahodha wao alishangaa.

"Mbona mnalia na mmeshapona?"

"Chumvi," akasema Gaudencio.

"Chumvi," nikasema mimi.

6. Tangu siku ile shemeji yangu anakuja kwangu kila asubuhi. Anakula dagaa wangu wakavu na wali wangu wa kukaanga, anachovya kwenye siki yangu, na anazungumza. Ana maneno ya miaka tisa, naye anayatoa kwa mpangilio. Jana tulifika mwaka wa nne, ambapo nguruwe wake aliugua. Namjua nguruwe huyo. Nilimsikia akiugua kupitia ukutani, na nilijizuia kuuliza. Isitoshe, Jumatatu alipanda juu ya paa lake bila kuombwa akatengeneza mfereji, na sasa jikoni kwangu hakuna maji ya kulalamikia. Perla, aliyekuwa na kazi ya kupitisha maneno, sasa hana kazi; anaimba siku nzima, na sauti yake unaijua.

7. Nimebaki bila hasira. Hili si jambo dogo kwa mtu wa umri wangu. Ile hasira niliamka nayo, nililala nayo, nilipangia nayo njia ya kupita kwenda ufukweni. Sasa nikifika kwenye banda la nguruwe miguu inataka kuzunguka, halafu nakumbuka hakuna haja, nasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Na mahali ilipokuwa hasira pamekuja kitu kingine: namwaza mdogo wangu aking'ata ule mkono. Hicho ni kizito zaidi, na sidhani mlikipima kabla ya kuleta vifaa vyenu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naiomba ofisi yako yafuatayo. Majaketi ya aina zote mbili yaondolewe Tinagbasan: la upepo kwa kuwa linachekesha, la sponji kwa kuwa linapatanisha watu bila idhini yao. Itengenezwe aina ya tatu, inayoelea vizuri lakini inambeba aliyeivaa tu, yenye maandishi mgongoni: SI KWA SHEMEJI. Ikishindikana, nipewe barua yenye muhuri inayoeleza kwamba mimi, mwenyekiti, sikusamehe kwa hiari yangu, bali kutokana na kasoro ya kifaa. Na ikiwa hilo nalo halimo katika mamlaka yako, basi nirudishiwe hasira yangu, au kitu chenye uzito sawa na huo.

Nakuomba unisalimie mama yako, ambaye tumesikia amefanyiwa upasuaji wa jicho. Dereva wako aliyelala kwenye bembea yetu mkutano mzima. Karani wa dirishani anayegonga mihuri bila kusoma. Na mkubwa wako wa kazi, ambaye hatujawahi kumwona lakini tunamtakia afya. Padri Anselmo anakusalimu na kusema ofisi yako isiogope, amepunguza ndoo.

Ni mimi, niliye hai kwa sababu zilizoelezwa hapo juu,

Zosimo Tumulak,
Mwenyekiti, Chama cha Wavuvi wa Mishipi, Tinagbasan.

N.B. Mwandiko huu si wangu. Miwani yangu ilizama tarehe kumi na sita, na sioni herufi. Barua yote nimeitamka mimi, ameiandika Gaudencio mezani kwangu. Namba mbili ameipinga, anasema shingo yake haikufanana na chura. Namba tano tuliirudia mara tatu, kwa kuwa karatasi mbili za mwanzo zililowa. Namba saba alikataa kuiandika mpaka nilipomwahidi kwamba kesho tunakwenda naye chelezoni kumwekea Elpidio maua.

Chama kimepiga kura Jumapili, na hakuna aliyepinga, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha mkono: tuletewe ya sponji, yote sitini, upesi kabla msimu wa dhoruba haujaanza. La upepo usilichukue. Mtungi ukifika tutalitumia, tumeshaitoa pini. Na kama inawezekana yafanye sitini na moja, kwa maana Perla ametangaza kwamba kuanzia sasa ataingia nasi baharini kutusimamia. Liwe la saizi kubwa. Neno "kubwa" ameliandika Gaudencio kwa hiari yake. Mimi nilisema "ya kawaida".